Lwakhakha: daftari la wino wa rangi mbili

Kama mliona kimya hapa kwa wiki mbili, sikuwa mgonjwa wala sijaacha kuandika. Nilikuwa magharibi mwa Kenya, kati ya Kitale na Bungoma, na siku tatu nilikaa Lwakhakha, mji mdogo ulioko mpakani mwa Kenya na Uganda chini ya Mlima Elgon. Leo basi hakuna habari za simu mpya wala programu mpya. Nataka kuwasimulia nilichokiona huko, kwa sababu kinawahusu wote wanaotengeneza mifumo ya kompyuta, na hata wasioitengeneza lakini wanajaza fomu zake kila siku.

Kilichonipeleka ni chama. Akina mama 34 wanaouza mahindi, maharage na vitunguu wana chama chao cha kuweka akiba na kukopeshana. Kumbukumbu zote zimo katika daftari la kurasa mia mbili, na daftari hilo limebakiza kurasa chache. Mtoto wa mmoja wao, ambaye tunafanya kazi pamoja Nairobi, aliniuliza kama naweza kuwaandikia programu ndogo ya simu. Nikamwambia naweza, ila kwanza nataka kuliona hilo daftari. Akacheka. "Daftari ni daftari tu, bwana. Nitakupigia picha." Nikakataa picha. Picha haikuonyeshi mtu anavyolitumia daftari lake.

Nilipitia Kitale, maana ndiko wengi wa akina mama hawa wananunua mahindi msimu wa mavuno. Kama hujafika Kitale, fikiria mji wa mahindi. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa huko 1956, na maghala ya nafaka unayaona kabla hujaziona nyumba. Mwaka 1964 watafiti wa Kitale walitoa mbegu chotara inayoitwa H611. Mzazi wake mmoja ni mahindi yaliyoboreshwa hapo hapo Kitale, na mzazi wa pili ni mahindi yaliyoletwa kutoka Ecuador, Amerika ya Kusini. Mimi kwa tabia ya kazi yangu nikajiuliza: mahindi haya ukiyaandika katika jedwali lenye safu ya "nchi ya asili", utajaza nini? Wakati huo niliuona kama mzaha tu. Siku mbili baadaye swali hilo hilo likarudi, na safari hii lilikuwa la watu.

Kutoka Kitale nilichukua matatu kupitia Kiminini na Kamukuywa hadi Kimilili, kisha nyingine hadi Chwele. Soko la Chwele ni kubwa kweli kweli. Vitunguu, ndizi, kuku, viazi, kila kitu kimetandazwa chini. Kutoka hapo nilipanda bodaboda kupitia Sirisia. Neno bodaboda lenyewe ni la mpaka huu huu. Lilianzia Busia, kusini kidogo, ambako vijana wa baiskeli walikuwa wakiwavusha wasafiri kati ya vituo viwili vya forodha huku wakiita "boda, boda!" Leo neno hilo linatumika Afrika Mashariki nzima, na wengi wanaolitumia hawajawahi kuuona mpaka wowote.

Lwakhakha yenyewe ni barabara moja yenye maduka pande zote, inayoteremka hadi mtoni. Mto unaitwa Lwakhakha pia, nao ndio mpaka. Kuna daraja, kuna ofisi za serikali pande zote mbili, na kuna watu wanaovuka asubuhi hadi jioni wakiwa na mizigo kichwani.

Nilikaa kwenye kibanda cha chai, upande wa Kenya, mita chache kutoka darajani. Kabla chai haijapoa, simu yangu ikapokea ujumbe wa kunikaribisha Uganda! Sikuwa nimenyanyua mguu. Kwa wasiojua: kila mnara wa simu hutangaza namba ya nchi yake. Minara ya Kenya hutangaza 639 na ya Uganda 641. Simu ikikosa mawimbi ya mtandao wake hushika mnara wa mtandao mwingine inaousikia, haina habari na mto wala daraja. Programu nyingi hutumia namba hizo kukisia uko nchi gani, zikabadilisha lugha, bei, hata kukufungia huduma fulani. Muuza chai alinionea huruma, akaichukua simu, akaingia kwenye mipangilio na kuchagua mtandao kwa mkono. "Hapa usiiache ijichagulie," akaniambia. "Itakula bando lako lote."

Jirani na kibanda kulikuwa na wakala wa pesa. Mezani alikuwa na simu nne, mbili za laini za Kenya na mbili za Uganda. Mtu anakuja na shilingi za Kenya, anaondoka na pesa kwenye simu ya Uganda. Mwingine anafanya kinyume chake. Siku hiyo shilingi moja ya Kenya ilikuwa takriban 27 za Uganda. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na huduma ya pesa ya MTN Uganda ikaanza 2009. Leo zipo njia rasmi za kutuma pesa kutoka simu ya Kenya hadi ya Uganda, lakini pale Lwakhakha watu wengi bado wanamwendea kijana wa simu nne, kwa sababu wanamjua na yeye anawajua.

Haya, tufike kwenye daftari.

Tulikutana kwenye veranda ya ghala. Mweka hazina, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alilitoa daftari kwenye mfuko wa nailoni akalifungua mbele yangu. Kitu cha kwanza nilichokiona ni rangi. Namba nyingine zimeandikwa kwa wino wa bluu, nyingine kwa wino mwekundu. Nikadhani nyekundu ni madeni.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Bluu ni pesa ya Kenya. Nyekundu ni pesa ya Uganda. Deni nalizungushia duara."

Chini ya kila ukurasa kulikuwa na majumla mawili, moja la bluu na moja la nyekundu. Hayajumlishwi pamoja. Nilimuuliza kwa nini hageuzi zote ziwe za Kenya ili apate jumla moja. Akaniangalia kama mtu anayemwonea mtoto huruma. "Nikigeuza leo, kesho bei imebadilika, jumla yangu inakuwa ya uongo. Nani ataula huo uongo?" Pesa hugeuzwa mara moja tu kwa mwaka, Desemba wakati wa kugawana, na bei waliyokubaliana siku hiyo huandikwa juu kabisa ya ukurasa. Ndugu zangu wa kompyuta, nimeona mifumo ya gharama kubwa isiyo na nidhamu hiyo.

Safu ya pili ilikuwa ya namba za simu, na hapo nilikaa muda mrefu. Karibu kila mwanachama ana namba mbili au tatu. Mbele ya kila namba mweka hazina ameandika herufi K au U. Sababu ni hii: Kenya na Uganda zote mbili zina namba za simu za mkononi zenye tarakimu kumi zinazoanza na 07. Ukiandika 0772 na tarakimu nyingine sita, namba hiyo inaweza kuwa ya mtu Bungoma na pia ya mtu mwingine kabisa Mbale. Kinachozitofautisha ni 254 au 256 ya mbele, ambayo hakuna anayeiandika. Sasa fikiria programu iliyotengenezwa Nairobi ambayo ikiona 07 inabandika 254 bila kuuliza. Ujumbe wa salio la mama wa ng'ambo utamfikia mtu asiyemjua. Na kama ni pesa, zitakuwa zimekwenda kwa mgeni.

Safu ya tatu iliandikwa "aliyemleta". Hakuna namba ya kitambulisho popote. Kila mwanachama ameandikwa jina lake, kijiji chake, na jina la mwanachama aliyemdhamini alipojiunga.

Kati ya wale 34, tisa wanaishi ng'ambo ya mto. Wengine waliolewa huko, wengine ni wa huko tangu mwanzo. Mmoja wa hao tisa, mama mtu mzima ambaye muda wote alikuwa akichambua maharage bila kusema neno, ndiye aliyeniuliza swali ambalo mpaka sasa linanizunguka kichwani:

"Kijana, hiyo mashine yako itaniandika wapi?"

Ndugu msomaji, fomu ya kawaida ya kusajili mtu unaijua: jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, nchi. Safu ya nchi huwa ni orodha ya kuchagua, na unaruhusiwa kuchagua moja tu. Mama huyu ana shamba Uganda, biashara Kenya, laini za nchi zote mbili, watoto wawili wanaosoma Bungoma na mmoja Mbale. Ukimlazimisha kuchagua moja, atachagua, maana watu hawagombani na mashine. Lakini nusu ya maisha yake itakuwa imefutwa, na chama chake kinategemea nusu zote mbili.

Mume wa mwanachama mmoja, mzee aliyekuwa ameketi pembeni na fimbo yake, akaingilia. "Sisi hatukuufuata mpaka. Mpaka ulitukuta tumekaa."

Alikuwa sahihi kuliko alivyodhani labda. Mpaka 1902 eneo hili lote, Kitale na Bungoma pamoja, lilikuwa chini ya utawala wa Waingereza wa Uganda, katika jimbo la mashariki. Aprili 1902 Waingereza wakalihamishia upande ambao baadaye uliitwa Kenya. Mtoto aliyezaliwa Bungoma 1901 alizaliwa Uganda, akaanza kutembea upande wa pili, na hakuwahi kutoka nje ya boma la mama yake. Wabukusu wa Kenya na Wamasaba wa Uganda wanahesabiana kuwa ndugu, lugha zao zinaelewana, wote hutahiri vijana wao katika miaka inayogawanyika kwa mbili, na salamu ni moja pande zote: mulembe. Nilivuka daraja kuijaribu. Nikaitikiwa vile vile.

Mzee nilimuuliza alizaliwa mwaka gani. Akajibu, "Mimi ni Maina." Wabukusu wana marika manane: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikewi, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Kila rika huchukua miaka kumi na kitu, na yakiisha manane majina huanza upya. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa hapa kuwa wewe ni Maina, anaujua umri wako vya kutosha, na anajua pia akusalimie vipi. Hapo nikaandika kwenye daftari langu: tarehe ya kuzaliwa isiwe ya lazima.

Sasa mtaniuliza, mbona hili ni jambo zito hivyo? Si ni daftari tu la akina mama? Nami nilidhani hivyo mpaka mweka hazina aliponieleza pesa zinakaa wapi. Pesa za bluu ziko kwenye akaunti ya simu ya Kenya. Akaunti hiyo ilisajiliwa kwa vitambulisho vya Kenya, na viongozi watatu walioisajili wote ni wa upande huu. Kwa sheria, wale tisa wa ng'ambo hawamo. Hawana namba ya siri, hawana jina popote kwenye akaunti. Ushahidi wao pekee kwamba wana pesa humo ni majina yao katika daftari la mweka hazina.

Mwaka jana mmoja wao alifiwa na mumewe. Chama humpa mfiwa mchango kutoka mfuko wa dharura. Mweka hazina alitoa pesa kwa wakala, akazibadilisha, akavuka daraja kwa miguu na kuzipeleka hadi kwenye matanga, kisha akaandika kwenye daftari kwa wino mwekundu, na mfiwa akabandika dole gumba pembeni. Nililiona hilo dole gumba. Sasa chukua programu isiyojua kuandika pesa nyekundu, isiyojua namba za U, isiyokubali mtu bila kitambulisho cha Kenya. Siku daftari linafungwa na programu inaanza kutumika, akina mama tisa wanakuwa hawana akiba. Hakuna aliyewaibia. Hawakuingia tu.

Kinachoniuma ni kwamba sheria imeshawatangulia watengenezaji wa mifumo. Tangu 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizi tatu kwa kitambulisho cha taifa bila pasipoti. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu mwepesi kwa wafanyabiashara wadogo, ambao bidhaa zao za hapa hapa zisizozidi thamani ya dola 2,000 hupita kwa cheti rahisi cha asili bila ushuru wa forodha. Mlango wa sheria umefunguliwa walau nusu, lakini fomu zetu bado zimeubana.

Nilishuka Bungoma kwenda kuandika programu. Nilipanga chumba mjini, karibu na reli. Hii ni ile reli iliyotoka Nakuru kupitia Eldoret, ikapita Bungoma na Malaba, na kufika Kampala 1931. Barabara kuu ya Malaba nayo haiko mbali, imejaa malori ya kontena zinazotoka Mombasa. Tangu 2017 Kenya, Uganda na Rwanda zinatumia mfumo mmoja wa kufuatilia mizigo hiyo: kontena hufungwa kufuli ya kielektroniki, na maofisa wa nchi zote wanaona ilipo hadi ifike mwisho wa safari. Nilikaa dirishani nikiyafikiria hayo. Kontena la viatu linatambuliwa na nchi tatu. Mama mwenye gunia moja la maharage anatambuliwa na daftari.

Kazi yenyewe ilinichukua siku nne, na sehemu kubwa ilikuwa kulinakili daftari kwa uaminifu. Mwanachama hana safu ya nchi kabisa. Nchi ni sifa ya namba ya simu, na ni sifa ya pesa. Mtu mmoja anaweza kuwa na namba nyingi kadiri anavyotaka, na kila namba lazima ichaguliwe K au U kabla ya kuhifadhiwa, programu haikisii. Kila malipo yanahifadhiwa kwa sarafu yake na hayageuzwi mpaka siku ya mgao, na bei ya siku hiyo inahifadhiwa pamoja na mgao wenyewe. Jambo dogo la kiufundi kwa wanaopenda: katika viwango vya kimataifa shilingi ya Kenya ina senti mbili baada ya nukta, ya Uganda haina senti. Usipoliangalia hilo, 50,000 inaweza kusomwa 500. Mwisho, programu inafanya kazi bila intaneti, kwa sababu simu inayohama nchi ukiwa umeketi haitegemewi.

Saa peke yake ndiyo haikunisumbua. Kenya na Uganda zinatumia saa moja, na katika hifadhi ya saa za dunia inayotumiwa na kompyuta nyingi, jina la Kampala ni kiungo tu kinachoelekeza Nairobi. Nilitamani mengine yote yangekuwa hivyo.

Nilirudi Lwakhakha kuwaonyesha. Pesa za Uganda zinaonekana nyekundu kwenye kioo, kama kwenye daftari. Mama mmoja kijana akapinga, akasema nyekundu kwenye simu humaanisha kosa. Wakabishana kwa Kibukusu kwa muda, nikanyamaza. Mweka hazina akashinda: nyekundu ibaki, deni lizungushiwe duara. Nikachora duara. Pia walikataa kuliacha daftari. Kwa miezi sita wataandika kote kuwili, na zikitofautiana, daftari ndilo litakaloaminiwa. Niliwaambia ndivyo ningefanya hata mimi.

Yule mama wa maharage alitaka kuliona jina lake. Nikamfungulia ukurasa wake: jina, kijiji, aliyemleta, namba mbili, K na U, mstari mmoja wa bluu na mstari wa nyekundu. Akasoma taratibu kwa kidole. Akauliza, "Na huyu aliye Nairobi anaweza kunifuta?" Nikamwambia hapana, mstari ukishaandikwa haufutwi, unasahihishwa kwa mstari mwingine chini yake, na wote wanauona. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye maharage yake. Sijui kama aliridhika. Lakini swali lake ni zuri, na ninawapa kama zawadi wote wanaobuni mifumo ya watu.

Programu yangu haijatatua kila kitu. Akaunti ya simu bado ina majina matatu, yote ya upande mmoja, na hilo liko juu ya uwezo wangu. Niliwashauri waandike makubaliano kwenye karatasi yanayowataja wanachama wote 34, wayasaini pamoja na mashahidi wa pande zote mbili. Wamesema wataliongelea.

Kwa leo niishie hapa. Wewe msomaji unayeishi Namanga, Tunduma, Sirari, Busia au Mutukula: fomu zinakuuliza nini ambacho huwezi kujibu kwa neno moja? Nyinyi mnaoandika programu, kabla ya kuongeza ile orodha ya nchi, nendeni mkaone daftari la mtu. Mulembe!